Shangazi, likizo yangu yote imeishia jikoni kwa wageni wa mume wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Tabata hapa Dar es Salaam na mume wangu. Tulifunga ndoa Desemba 2022 na hatujajaliwa mtoto bado. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mume wangu hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na mshahara wake naujua. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nimeolewa na mtu mbaya. Tatizo letu ni wageni.

Tulipooana aliniahidi kwamba fungate tutakwenda Lushoto. Nilikulia Mtwara, milima naiona kwenye picha tu, na yeye aliwahi kufanya mazoezi ya kufundisha huko. Alikuwa ananisimulia ukungu unavyoingia dirishani asubuhi. Mwaka 2023 hatukwenda, pesa zilikuwa za kodi ya nyumba. Mwaka 2024 alifiwa na mjomba. Mwaka huu wa 2025 nikasema liwalo na liwe, tukaanza kuweka kidogo kidogo tangu Januari, na hadi Juni tulikuwa na Sh900,000. Sikukuu ya Nane Nane iliangukia Ijumaa. Tukapanga aombe ruhusa Alhamisi na Jumatatu, mimi niwe ndani ya likizo yangu, tuondoke zetu.

Juni shule zilipofungwa, rafiki yake wa chuo alikuja kutoka Mwanza na mkewe na watoto watatu. Siku tisa. Watoto walikuwa hawajaiona bahari ya chumvi, kwa hiyo tukawapeleka Coco Beach kula mihogo, tukawavusha Kigamboni kwa pantoni, tukarudi kwa darajani. Kusema kweli nilifurahi nao. Yule mdogo alionja maji ya bahari akaniuliza, "Anti, nani kayatia chumvi?" Nilicheka mpaka nikasahau kwamba mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao sisi wawili tunaumaliza kwa miezi miwili, ulikuwa umekwisha kabla hawajaondoka.

Julai ikaja Sabasaba. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwetu Dodoma imekuwa kama Kibaha. Mtu anafunga ofisi Ijumaa, anapanda treni, usiku anagonga mlango. Walikuja mume na mke, wakaleta na mdogo wao. Siku nne, maana Sabasaba yenyewe ilikuwa Jumatatu. Viwanjani pale Barabara ya Kilwa tulizunguka tangu saa nne asubuhi hadi magharibi. Viingilio, soda, nyama choma, teksi ya kurudi, vyote sisi. Wiki iliyofuata wakarudi tena kwa sababu kuna banda hawakuliona.

Halafu akaja rafiki yake anayeishi Uingereza, na hapa ndipo moyo wangu ulipokwama. Kule shule zinafungwa mwisho wa Julai, ndiyo majira yao ya joto, kwa hiyo waliingia tarehe 26 na mkewe na watoto wawili. Waliniambia watakaa siku 16. Naandika "waliniambia" lakini si kweli, Shangazi. Walimwambia mume wangu mwezi Aprili. Mimi niliambiwa Julai tarehe 10, wakati likizo yangu ya siku 28 imeshaidhinishwa kuanzia tarehe 14. Wiki mbili za mwanzo za likizo nilifua mapazia, nikanunua godoro na vyandarua, nikapiga rangi choo. Wiki mbili zilizobaki nilipika.

Chumba chetu tuliwapa wao, sisi tukalala sebuleni. Asubuhi chapati na supu, mchana wali, jioni wanataka kutoka. Leo Kariakoo kununua vitenge, kesho Mbudya, keshokutwa Bagamoyo. Na siku ya Alhamisi, wiki moja kabla ya ile ya Lushoto, tukapanda boti kwenda Zanzibar. Mume wangu aliniambia usiku wa kuamkia safari, kwa sauti ya chini, kwamba Lushoto haihami. Pale bandarini rafiki yake alitoa pochi alipie nauli. Mume wangu alimshika mkono akasema, "Kaka, hapa uko nyumbani." Nauli ya boti kwa watu sita, gari la kwenda Nungwi, nyumba ya wageni usiku tatu, Forodhani kila jioni. Zile Sh900,000 zilirudi Tabata zikiwa Sh210,000.

Baada ya hapo nilishindwa, Shangazi. Nilinuna. Naweka chakula mezani naingia chumbani kwa wageni wadogo, najifungia. Mke wa rafiki yake alikuwa amekuja jikoni tangu siku za mwanzo, anasema, "Shemeji, niachie basi nikate hata vitunguu," nikamwambia hapana, wewe pumzika, umetoka mbali. Sasa alipokuja tena nikamjibu "nimeshamaliza" bila kumtazama. Siku ya 14 nikamsikia anamwambia mumewe, "Tumewachosha hawa." Kesho yake wakaaga, wakaenda kumalizia siku zao Temeke kwa mama mzazi wa yule rafiki, ambaye nyumba yake kabakisha chumba kimoja tu, vingine kapangisha.

Mume wangu hakugomba. Alisema neno moja tu, "Umeniaibisha," na tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji. Nimejua baadaye kwa nini limemuuma hivyo. Alipofika Dar kutoka Songea mwaka 2010 na begi moja, hana pa kulala, huyo mama wa Temeke ndiye aliyemlaza sebuleni kwake miaka miwili, akala na watoto wake sahani moja.

Likizo yangu imekwisha. Nimerudi kazini nimechoka kuliko nilivyotoka. Nimeanza kuweka pesa kwenye simu bila yeye kujua, sasa zimefika Sh240,000, na kila nikiziangalia najiona mwizi. Na juzi nimesikia anaongea na simu, watu wa Arusha wanauliza kama Desemba tupo.

Nikikataa wageni nitaitwa mchoyo, na habari itafika kwa mama mkwe kabla ya jua kuzama. Nikikubali, nitaizeekea ahadi ya Lushoto. Nifanyeje?

Mwenye nyumba asiye na chumba, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili na kalamu mkononi, na mahali pa kwanza nilipopiga mstari ni pale kwenye mtoto wa Mwanza na maji ya chumvi. Mtu mchoyo hawezi kukumbuka swali la mtoto wa mwenzake namna ile. Kwa hiyo hilo la uchoyo liweke chini, usilibebe tena, hata likisemwa na nani.

Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ambayo mkeka wa wageni ulikuwa nyuma ya mlango siku zote. Najua nyumba iliyojaa watu ilivyo. Lakini nataka nikwambie tofauti ninayoiona, maana watu wengi wa rika lenu wanaumia kwa sababu hawajaitenganisha. Wageni wa mama yangu walikuwa na jambo. Mmoja kaleta mgonjwa hospitali ya Bombo. Mwingine mtoto kapata shule. Mwingine kuna msiba. Alikuja na kikapu cha machungwa ya Muheza, na asubuhi ya pili ungemkuta kwenye foleni ya bomba na ndoo ya nyumba yetu. Hakuna aliyepanga pa kumtembeza. Alikula tulichokula, alilala tulipomlaza, jambo lake likiisha anaaga.

Wageni wako wa mwaka huu wote ni wageni wa matembezi. Sisemi ni wabaya. Ni vizuri mtu wa Mwanza aione bahari, na mtoto aliyezaliwa Uingereza akanyage mchanga wa kwao. Lakini mgeni wa matembezi ana gharama ambayo mkeka nyuma ya mlango hauimudu. Kuna nauli, viingilio, chakula cha nje, gari, na juu ya yote anataka mwenyeji awe naye mguu kwa mguu. Ninyi mmempokea kwa adabu ile ile ya mgeni wa shida, ya kutouliza na kutopanga. Mgeni wa shida akigonga saa nane usiku unafungua. Mgeni wa matembezi anauliza, na anajibiwa tarehe. Tena kwake hilo si tusi, maana hata yeye amekata tiketi yake kwa tarehe.

Sasa mumeo. Nimekaa na hiyo habari ya begi moja kutoka Songea kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako, na umeiandika mwishoni kama nyongeza. Yeye alikuwa mgeni wa shida, miaka miwili. Mtu aliyewahi kulala sebuleni kwa watu, baadaye akipata funguo za mlango wake, anakuwa na deni kifuani ambalo halina risiti. Kila anayegonga anamwona yeye mwenyewe mwaka 2010. Ndiyo maana alimshika mkono rafiki yake pale bandarini. Mama wa Temeke hakuwahi kumwomba nauli, basi na yeye hawezi kumwachia mtoto wa mama yule alipe.

Nimemwelewa. Na bado amekosea, tena sana. Mama wa Temeke alimpa sahani ya chakula kilichokuwa chake. Mumeo ametoa pesa ambayo nusu yake ni jasho lako, likizo ambayo ni yako peke yako, na ahadi ambayo ni yenu wawili. Alijua tangu Aprili akakwambia Julai. Hizo siku 28 za likizo ni haki ya mfanyakazi kwa sheria ya kazi ya nchi hii, zimewekwa ili mwili upumzike mara moja kwa mwaka. Wewe umezitumia kupiga rangi choo na kukaanga chapati. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuja Tabata siku hiyo hiyo kukupokonya mwiko.

Lakini mwanangu, na wewe kuna mlango uliufunga. Rafiki yake alipotoa pochi, mumeo alikataa. Mkewe alipoomba kukata vitunguu, wewe ulikataa. Ni kitendo kimoja, mmekifanya wawili, mmoja bandarini na mwingine jikoni. Wale watu walikuja na mikono, mkaifunga, halafu mkalalamika kwamba mmebeba peke yenu. Yule dada angekata vitunguu siku ya pili, siku ya tano angekuwa anapika wali, siku ya nane mngekuwa mmekaa barazani mnachambua mchicha na kusemana waume zenu. Amekuja kwa shemeji yake, akawekwa kwenye kochi siku 14 kama mgonjwa. Na ulipoanza kununa hakujua kosa lake, kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba kulikuwa na safari ya Lushoto. Nina hakika angeijua, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumwambia mumewe watafute pengine pa kulala usiku huo.

Kwa hiyo la kwanza ni yeye. Mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Usijieleze sana na usimshtaki mumeo. Mwambie, "Dada, zile siku za mwisho nilikuwa na uchungu wangu, nikaumwaga juu yako na haukuwa wako. Nisamehe." Inatosha. Akiuliza uchungu gani, mwambie ukweli wa Lushoto kwa sentensi mbili. Fanya hivyo kabla hujazungumza na mumeo, ili isionekane unaomba radhi kwa kulazimishwa. Mumeo atazipata habari hizo Temeke.

La pili ni zile Sh240,000. Huo si wizi, ila ni ukuta, na umeshaanza kuujenga tofali kwa tofali. Leo unaficha nauli ya Lushoto, mwakani utaficha ongezeko la mshahara. Mwambie zipo. Ninachokushauri ni kwamba usimwambie kwa ugomvi, na usimwekee mezani daftari la hesabu za gesi na mchele. Najua unalo, mhasibu hawezi kukosa. Daftari lile ni la kweli lakini mwanaume aliyeaibika akiletewa daftari atasoma kitu kimoja tu, kwamba marafiki zake wamepigwa bei.

Anzia Temeke. Jioni ambayo hakuna mgeni na hakuna taarifa ya habari, muulize alilalaje pale sebuleni. Godoro lilikuwa upande gani? Walikula nini? Nani alimnunulia madaftari? Muulize kama mtu anayetaka kujua, kwa sababu kweli hujui, umesema mwenyewe umekuja kujua baadaye. Mwache aseme mpaka amalize. Halafu mwambie, kwa maneno yako, jambo hili: kwamba unaliona deni lake na unataka kumsaidia kulilipa, lakini analipa kwa watu wasiomdai. Watu wa Dodoma waliorudi kuangalia banda walilolisahau hawamdai kitu. Anayemdai, kama yupo, ni yule mama. Ninyi wawili mmekwenda Temeke lini mara ya mwisho, na kilo mbili za sukari na kanga, bila kupeleka mgeni? Barua yako haisemi, na ninahisi jibu.

Baada ya hapo ndipo mzungumze utaratibu, na huo muuweke wote wawili, usiwe sheria yako. Mimi nikiwa kwenu ningetaka mgeni yeyote wa matembezi asikubaliwe kwenye simu. Jibu la simu liwe, "Karibu sana, ngoja nikae na mwenzangu nikurudie kesho." Mumeo alizoee hilo neno "mwenzangu". Hakuna rafiki wa kweli atakayekasirika kusubiri usiku mmoja. Nyumba ya vyumba viwili ipokee familia moja kwa msimu, si tatu, na siku ziwe zinazojulikana. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wanajua kwamba mgeni akishika jembe anakuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hachoshi. Kwa hiyo jembe lipatikane: mke wa rafiki aingie jikoni, rafiki anunue mtungi wa gesi, watoto wafagie uwanja. Na chumba chenu cha kulala kisitolewe tena. Hilo silijadili. Wana ndoa wakilala sebuleni wiki mbili, hata ugomvi mdogo wanakosa pa kuumalizia.

Matembezi nayo, nani kawaambia lazima mwongozane? Dar ni mji wenye njia. Mpe mgeni kadi ya mwendokasi, mwelekeze, mwache aende. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert anaweza kushinda nusu siku na watoto, akawasimulia fuvu lililopatikana Olduvai Julai 1959, mwenyeji ukiwa umelala zako. Kijiji cha Makumbusho kipo kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, nyumba za asili za makabila zimejengwa pale, hakuna haja ya wewe kuwepo kumwonyesha msonge. Kaole, kule Bagamoyo, wapo waongoza wageni wanaoyajua magofu yale kuliko wewe na mumeo. Ninyi chagueni tembezi moja mnalolipenda kweli. Kwa jinsi ulivyoandika, nadhani lenu ni mihogo ya Coco na pantoni. Hilo moja liwe zawadi yenu kwa kila mgeni, mlipie ninyi, mfurahi nalo. Mengine mgeni ajilipie, na mkono wake wa pochi usishikwe.

Watu wa Arusha wameshauliza, kwa hiyo huna muda wa kungoja. Andikeni ujumbe pamoja, autume mumeo kwa sababu ni rafiki zake. Uwe mfupi, kama hivi:

"Ndugu yangu, Desemba tupo na tungependa kuwaona. Nyumba yetu ni ndogo, tunaweza kuwalaza kuanzia tarehe 27 hadi 30. Kama mnataka kukaa zaidi, kuna nyumba za wageni nzuri hapa jirani, nitakuulizia bei mapema. Siku moja tutawatoa sisi, nyingine mtazunguka wenyewe na tutawaelekeza. Njooni na hamu ya kula, na shemeji aje na mapishi ya kwao."

Soma huo ujumbe tena. Hakuna uchoyo ndani yake. Kama mama mkwe atapelekewa habari, mwache apelekewe ujumbe wenyewe.

Nimebaki na Lushoto. Kuna atakayekwambia, kwa kuwa pesa zimepungua, pandeni treni mwende Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa Sh13,000, asubuhi mnaondoka na Uluguru mnaiona mchana. Ni safari nzuri na siku moja mtaifanya. Lakini usiikubali badala ya hii. Umeahidiwa ukungu wa Usambara miaka mitatu, na mtu aliyeahidiwa kitu fulani akipewa kinachofanana nacho anabaki na njaa ile ile.

Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba, mwaka huu ni Jumanne. Likizo umeimaliza, lakini omba Jumatatu moja, na yeye aombe ya kwake. Mnapata siku nne. Jumamosi alfajiri muwe kituo cha mabasi cha Mbezi. Mtapita Chalinze, Segera, Korogwe, na Mombo basi linaanza kupanda kona kwa kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo, mpaka Soni kwenye maporomoko, mpaka Lushoto. Kaa upande wa dirisha, na kama kichefuchefu kinakusumbua tafuna tangawizi kabla ya Mombo. Oktoba baridi kali ya Juni na Julai inakuwa imepungua, ila usiku sweta utalihitaji, wewe wa Mtwara hasa. Wajerumani walipapenda pale kwa ubaridi wake wakapaita Wilhelmstal, na baadhi ya majengo yao bado yapo. Jumapili tembeeni kwa miguu hadi Irente. Ukifika ukingoni unaiona nyika yote chini, barabara ya Mombo kama uzi na mashamba ya mkonge yamepangwa safu. Msiharakishe. Siku inayofuata nendeni msitu wa Magamba, au msiende popote, mlale na dirisha wazi.

Pesa mnazo. Sh210,000 zilizorudi Zanzibar, na Sh240,000 zako za kwenye simu. Kwa nyumba ya wageni ya kawaida, nauli za basi na chakula cha mama lishe, watu wawili wasio na mbwembwe mnakwenda na kurudi. Zile za siri zikigeuka kuwa nauli ya wote wawili, hazitakuwa siri tena wala hazitakuuma. Nunueni tiketi wiki mbili kabla, ziwekeni mahali zinapoonekana, juu ya friji. Mgeni akipiga simu kuulizia Oktoba, tarehe 11 hadi 14 zina wenyewe.

Na siku ya kuondoka, pale Irente wanauza jamu na jibini za shambani kwao. Chukua chupa mbili za jamu. Moja yenu. Ya pili, Jumamosi inayofuata, mpande wawili daladala la Temeke mkampe mama, mkae mpaka chai iive, na wewe ndiye umwombe akusimulie mumeo huyu alivyokuwa alipokuja na begi.

Shangazi